Jina Ndani ya Wimbo

Jino alimwona Malkia sokoni akivutana na mtu juu ya bei ya vitunguu, akajua riziki imemfuata kwa miguu yake. Mwanamama huyu alikuwa ameacha kuimba miaka mingi, lakini muuzaji alipomtambua alimwongezea vitunguu viwili bila kuombwa. Jina linalozaa vitunguu, Jino akawaza, haliwezi kushindwa kuzaa noti.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni meneja," akasema, akiliachia jino lake la dhahabu, lililompa jina hilo la mtaani, limalizie maneno.

"Marahaba, mwanangu. Meneja wa nani?"

"Wako."

Malkia alikuwa ameshaliwa na mameneja wa kila aina. Ila sauti bado alikuwa nayo, na ilimuuma kuziimbia sufuria. Akakubali kwa sharti moja tu, wimbo utoke.

Utoke wapi? Jino alitaka kuuza nafasi ya kutajwa ndani yake, kisha atoroke na fedha, basi. Alimwendea mwenye nyumba za kupanga, kisha mchinjaji, kisha muuza mabati, na kila mmoja akamwapisha asimwambie mtu, maana eti mfadhili ni yeye peke yake. Watu wazima na ndevu zao wakatoa fedha huku wanachekelea.

Studio ilikuwa chumba kilichozibwa kwa magodoro. Malkia aliimba wimbo mzima, kisha akaurudia ubeti wa sifa kwa kila tajiri, na fundi mitambo akabandika kila jina kwenye nakala yake. Majina hayo Malkia aliyasikia vizuri. Akayahesabu kwa vidole.

"Na wewe, mwanangu?" akauliza, akinywa maji ya uvuguvugu. "Umehangaika hivi, usitajwe?"

"Mimi wa nini, Mama."

"Nakala yako mwenyewe. Ya kumbukumbu."

Hapo mjanja angekataa. Lakini Jino, aliyekuwa akiwacheka matajiri tangu asubuhi, alijikuta anataja jina lake kamili, lile la kuzaliwa, ambalo hata polisi hawakuwa nalo.

"Na jino usilisahau," akasema, machozi yakimlengalenga.

Siku ya kutoroka, aliukuta wimbo ukilia kila kibanda. Malkia na fundi walikuwa wameutoa wenyewe. Jino akasimama kusikiliza, na kwa kweli alifurahi, maana sauti ilikuwa imekomaa na watu wameacha kazi zao. Ndipo ukaja ubeti wa sifa na jina lake, jino lake, halafu ubeti mwingine ambao hakuwahi kuusikia, unaoeleza jinsi alivyowauzia matajiri watatu nafasi ile ile moja.

Akaziba mdomo kwa leso, akakimbilia stendi. Kwenye dirisha la tiketi redio ilikuwa inaimba ubeti ule ule. Nyuma yake mwenye nyumba, mchinjaji na muuza mabati walikuwa wanaingia getini pamoja, wameshikana mikono kama ndugu.

"Jina?" akauliza binti wa tiketi.

Jino akataja la uongo, ndani ya leso.

Binti akapunguza redio, akamtazama vizuri.

"Kaka," akasema, "hebu cheka kidogo."