Posa na Mechi Mbili za Siku Moja

Jumamosi, 22 Novemba 2025
Nimeshinda mgahawani kwa Nahla, mtaa wa Dengfeng hapa Guangzhou. Si kwa njaa. Baba yake, Mzee Maulid, amekuja kutoka Dar kumtembelea, na mzee huyu ikianza kriketi ya siku tano hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Leo India na Afrika Kusini, huko Guwahati. Jua la huko huzama mapema, kwa hiyo wamekunywa chai kabla ya chakula cha mchana! Mzee alicheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Mpira wenyewe sikuuona, lakini nilicheka. Amenipenda, sina shaka.

Jumapili, 23 Novemba
Nimemnong'oneza Bimdogo, shangazi yake Nahla, kwamba nataka kupeleka posa. Akasema niharakishe, mzee anaondoka Ijumaa. Na mshenga awe mtu mzima, mwenye mke. Nikauliza nitamtoa wapi Guangzhou. Akasema basi, ugenini huku niende mwenyewe, mzee ataelewa. Jumanne alasiri. Moyo unanidunda! Nampenda Nahla, jamani.

Jumatatu, 24 Novemba
Balaa! Laoban, mwenye kiwanda cha jinzi Xintang, anasema niende kukagua mzigo wangu kesho alasiri, la sivyo kontena linaondoka bila mzigo. Nikashika tama. Kisha nikakumbuka hadithi ya Mzee Maulid. Mwaka 1930 Waingereza walicheza Test mbili, zile mechi kubwa za nchi kwa nchi, kwa wakati mmoja, timu moja New Zealand, nyingine Barbados. Nchi moja, timu mbili! Basi mimi Xintang, na kwenye posa namtuma Rahim. Ni mshindani wangu wa jinzi pale sokoni Guangyuan Xilu. Bidhaa zake hovyo, lakini ana kanzu safi na ulimi mtamu. Mke hana. Nani atamuuliza?

Jumanne, 25 Novemba
Xintang ushindi mtupu. Zipu zote zinafunga. Nimempigia Rahim, hapokei. Mazungumzo yamenoga!

Jumatano, 26 Novemba
Afrika Kusini wameshinda. Mimi la. Rahim amekuja asubuhi, macho chini. Anasema posa aliifikisha vizuri, akanisifu sana. Mzee akauliza mwenyewe yuko wapi. Akajibu niko Xintang nakagua zipu. Mzee akamuuliza Rahim kama ana mke. Nahla, aliyekuwa analeta kahawa, akasema huyu angalau amekuja. Rahim anaapa hakupanga. Wazee wake watapeleka posa Dar, na mzee keshasema ataipokea. Nikamwambia hongera. Halafu nikaingia chooni nikalia. Imeniuma kwelikweli.

Alhamisi, 27 Novemba
Bimdogo anasema nimeyataka mwenyewe. Mzee hana kinyongo, akaniagizia chai. Akanihadithia Test ya Durban, mwaka 1939. Haikuwekewa siku ya mwisho. Walicheza, wakacheza, mpaka Waingereza wakalazimika kuwahi meli, ikawa sare. Sare! Nimeacha chai mezani. Kwani Rahim keshafunga ndoa? Bado! Mchezo unaendelea.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimekata tiketi, ndege moja na mzee. Nitamkalia kitako huko Dar mpaka abadili nia. Tatizo Nahla anabaki huku, naye anahitaji kubembelezwa. Dawa ninayo. Nimemwomba Rahim ampelekee salamu zangu kila jioni. Amekubali papo hapo. Kijana muungwana sana yule.