Wasomaji Hai 1,386

Jumatatu, 3 Machi

Maboksi yamefika. Vishikwambi arobaini! Wameyarundika juu ya meza yangu ya dirishani bila hata samahani. Fundi rangi naye kaja asubuhi, kafuta neno MAKTABA mlangoni. Sasa tunaitwa Kituo cha Kusoma na Teknolojia. Nafasi haikutosha, kwa hiyo neno "Kusoma" limeandikwa kwa herufi ndogo.

Nimeitwa na Mwalimu Mkuu. Mama mpole, huu ni mwaka wake wa kwanza kwenye kiti hicho, ingawa utotoni alisoma hapahapa. Kasema ofisi ya elimu imeleta fomu, wanataka idadi ya wasomaji hai wa maktaba. Wasipofika mia mbili, kabati la kadi litakwenda stoo. Nikauliza, na mimi je? Akatazama pembeni. Akasema hata stoo panahitaji mtu wa kuhesabu viti.

Miaka thelathini na moja ya ukutubi! Viti!

Kabati lile lina droo ishirini na nne. Kila aliyewahi kuazima kitabu hapa ana kadi yake humo, kwa mwandiko wangu. Nikivuta droo napata harufu ya mbao na wino, na nawasikia wote, vizazi vyote, wakinong'ona. Leo nimewaambia shhh. Mazoea hayana tiba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nimebandika tangazo: Njooni Muazime Vitabu, Feni Inafanya Kazi. Wamekuja watatu. Wawili walitafuta soketi. Wa tatu alikuwa anakimbia kipindi cha hesabu, akataka kujificha nyuma ya rafu. Huyo nilimbana, nikamwazimisha kitabu cha ufugaji wa nyuki kabla hajajua kimempata nini. Msomaji hai wa kwanza! Bado mia moja tisini na tisa.

Mchana kaja mwalimu wa kompyuta. Wanafunzi wanamwita Bi Nywila, maana hana kitu kisicho na neno la siri. Binti mdogo, ana adabu, ananiita mzee wangu. Hizo ndizo mbinu zao. Kaomba orodha ya vitabu aiingize kwenye kompyuta. Nikamjibu kwamba orodha imo kichwani mwangu. Akauliza nakala ya kichwa changu imehifadhiwa wapi.

Saa tisa nikalipata jibu, tena kali sana, lakini alikuwa keshaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Nimeuficha waya mrefu wanaochajia vishikwambi. Umo kwenye droo ya M. Bila waya hakuna chaji, bila chaji watoto watarudi kwenye karatasi. Kazi rahisi kama kunywa maji.

Saa nne. Droo ya M imekwama.

Saa tano. Nimekumbuka kwamba muhuri wangu wa tarehe umo humohumo.

Saa sita wamekuja wanafunzi saba. Vishikwambi vimezima, wanaomba vitabu. Saba kwa mpigo! Ikanibidi niwarudishe. Bila muhuri siazimishi, kanuni ni kanuni, na kanuni hiyo niliiandika mwenyewe.

Bi Nywila ndiye aliyeikwamua droo, kwa rula. Kautoa waya, kaukunja vizuri, hakuuliza umeingiaje. Akasema tu kwamba kabati ni zuri, bibi yake alikuwa na la namna hiyo. Sipendi kabisa mtu anayenitendea wema siku niliyomkosea.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeisoma fomu kwa miwani. Mungu mkubwa! Wasomaji HAI! Haijasema wa muhula huu. Haijasema wanafunzi. Imesema hai, basi, na kwetu mtu hai ni yule ambaye hajafa. Wasomaji wangu wako hai tele! Mmoja ananiuzia nyanya. Mwingine ndiye aliyening'oa jino mwaka jana, kwa nguvu zisizo za lazima, nadhani alikumbuka nilivyomfukuza maktaba.

Kazi imebaki ndogo tu: kuwatoa marehemu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimezileta droo zote nyumbani kwa mkokoteni, safari tatu. Mke wangu alikuwa mkunga wa zahanati, kwa hiyo anajua nani kazaliwa na nani katangulia. Kwanza kasema nimeshikwa na wazimu. Kisha kaketi, kamenya machungwa, kaniambia haya, soma.

Mimi nasoma jina, yeye anasema yupo au hayupo. Yupo. Yupo. Yupo, ana mapacha. Hayupo, maskini, alikuwa na sauti nzuri. Kuna kadi zina alama za vidole vya wino. Kuna moja ya mtoto aliyeazima kitabu kilekile mara kumi na moja, nikamkumbuka hadi kovu lake la goti. Ilipofika saa sita hatukuwa tena tunahesabu. Tulikuwa tunakumbushana tu, na mke wangu alicheka kama siku zile nilipokuwa nampelekea vitabu zahanati nikijifanya napita njia.

Tukafika kwa mwalimu wa historia. Kila Ijumaa alichukua kitabu kimoja, na kila Ijumaa kilirudi kinanuka tumbaku. Mke wangu akasema taratibu, hayupo, baba watoto, tulimzika pamoja. Najua. Nilikuwa nimeshika kalamu. Sikuweza kumkata. Nimemrudisha kwenye droo bila mstari, lakini sikumhesabu, mimi si mwongo.

Halafu nikapata silaha! Kadi ya Mwalimu Mkuu mwenyewe, akiwa darasa la sita. Kitabu kimoja cha hadithi, hajakirudisha kwa miaka ishirini na nane! Nimeitia mfukoni. Akinigusa, naitoa.

Jumla: wasomaji hai 1,386.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka fomu. Nimetembea kwa maringo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa. Bi Nywila pia alikuwepo. Mwalimu Mkuu kauliza imekuwaje shule yenye wanafunzi mia nne na kumi ikawa na wasomaji elfu moja mia tatu themanini na sita. Nikaeleza. Bi Nywila akaziba mdomo kwa daftari. Kisha akasema kwa upole kwamba hai maana yake ni wale walioazima muhula huu. Nikamwambia basi wangeandika hivyo, na kwamba mtu asipoazima hafi.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Akasema ofisi ya elimu ikiiona fomu hii tutapotea sote, kabati liende stoo kesho.

Maji shingoni. Nikaitoa silaha. Nikaweka kadi mezani, nikasema kwa heshima zote kwamba kabla ya kuhamisha kabati kuna kitabu hakijarudi.

Akaichukua. Akaigeuza nyuma, upande ambao sikuwa nimeutazama, akanionyesha. Hapakuwa na muhuri. Mahali pa tarehe ya kurudisha palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wangu: akimaliza.

Nikakumbuka yote. Baba yake alikuwa amefariki, walikuwa wanahama siku ileile, gari linasubiri nje. Kasichana kamesimama mbele ya meza na kitabu kifuani, hakalii, hakasemi. Na mimi, mtu wa kanuni, niliusukuma muhuri kando.

Mwalimu Mkuu akasema bado hajamaliza. Anakisoma kila mwaka. Machozi yalinitoka, naandika bila aibu.

Jumatano, 12 Machi

Uamuzi. Fomu mpya imekwenda na idadi ya kweli: hamsini na mbili, kwa kuwa wale saba walirudi na darasa lao zima, na mtoro wa hesabu kaja kuazima tena. Pamoja na fomu kuna barua ya Mwalimu Mkuu ya kuomba tupewe muhula mmoja wa majaribio. Kabati libaki. Mimi nibaki. Lakini nijifunze kompyuta kwa Bi Nywila, na kila darasa lije kwangu kujifunza kutambua la kweli na la uongo kwenye skrini. Nikasema sijui skrini. Bi Nywila akasema tangu zamani nawauliza watoto nani kaandika, lini, na kajuaje. Hilo ndilo yeye hawezi kuwafundisha peke yake.

Nimeapa mbele yao wote wawili: tarakimu za uongo basi.

Jumatatu, 17 Machi

Kipindi cha kwanza, darasa la tano. Tumefungua ukurasa unaosema nyuki hulala miezi sita. Nikauliza, nani kaandika? Kajuaje? Mtoro wa hesabu akasimama, akaupinga ukurasa mzima na kitabu mkononi. Darasa likapiga makofi. Sikusema shhh!

Mchana Bi Nywila kanipa nywila yangu, kanielekeza niingize majina ya wanafunzi wa sasa, hao tu, kisha kaenda kufundisha. Kaniamini. Nikaanza vizuri kabisa.

Ila nimegundua jambo. Kompyuta hii inajumlisha yenyewe. Haiulizi mtu ana umri gani. Haiulizi nani kazikwa.

Wa kwanza nimemwingiza mwalimu wa historia. Nimemwazimisha kitabu kipya, kinene, angekipenda. Mahali pa tarehe ya kurudisha nikaandika akimaliza. Kompyuta ikakataa, inataka tarakimu tupu. Nikampa mwaka 2099.

Kisha nikavuta droo ya A. Saa kumi na nusu: wasomaji hai 417, na bado niko kwenye D. Bi Nywila akiuliza, nitasema ni mtandao.