Kikokotoo Rasmi cha Mheshimiwa Osundwa

Wananchi wa Kakamega walitangaziwa Jumatatu asubuhi, kabla mvua haijaanza kujipanga, kwamba tangu siku hiyo hakuna mtoto wa shule wala mwanachuo atakayechora tena mstari uliopinda bila mwelekeo wa serikali. Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa Chrispinus Osundwa, Mkuu wa Ofisi ya Uwiano wa Vifaa vya Kufikiria, akiwa chini ya hema jeupe, na ngoma za isukuti zikapigwa kila alipofika mwisho wa aya. Ofisi yake, alisema, imeona uchungu wa wazazi wanaozunguka madukani wakiulizana ni kalkuleta ipi ya grafu inayomfaa mtoto wa sekondari na ni ipi inayomfaa aliyefika chuo. Uchungu huo sasa umekwisha. Kamati itaundwa. Kamati itachagua kikokotoo kimoja, cha kila mtu, cha milele.

"Na mpaka kamati iamue," akamalizia, "vikokotoo vyote vya grafu vilivyo mikononi mwa watu visalimishwe kama sampuli."

Watu wakapiga makofi kwa nguvu, kwa sababu karibu wote hawakuwa na kitu cha kusalimisha.

Aliyekuwa nacho ni Mwalimu Dorothy Muhonja, wa hisabati, katika Shule ya Upili ya Eshirumba, huko upande wa Shianda ambako miwa huchungulia madarasani kama wanafunzi waliochelewa. Darasa lake lilikuwa na kalkuleta moja ya grafu. Wazazi waliichangia kwa kuku, kila boma na kuku wake, mpaka kuku wakageuka kalkuleta. Watoto waliiita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa ukiiuliza jambo inanyamaza kidogo kama nyanya anayetafuta miwani, halafu inakuchorea jibu lote, mlima na bonde lake.

Askari wa ofisi alikuja kuichukua Kukhu akiwa amevaa glavu. Akaitia kwenye bahasha, akapiga saluti, akaenda.

Hapo ndipo Mwalimu Muhonja alipoanza kukosa usingizi, maana mashindano ya hisabati yalikuwa yanakaribia pale Sigalagala, na kila shule ilitakiwa kuja na kalkuleta yake ya grafu. Shule isiyo nayo ingekaa na watazamaji, ipige makofi. Naliaka wa kidato cha nne, mtoto mwenye kichwa cha moto na viatu vya kuazima, alikuwa na nafasi ya kulipiwa masomo ya chuo akifanya vizuri. Nafasi nyingine hakuwa nayo, na nyumbani kwao walikuwa wameshaanza kumtafutia kazi ya kuuza sabuni sokoni.

Kwa bahati, au kwa kukosa watu, Mwalimu Muhonja aliingizwa katika kamati kama Mwakilishi wa Wanaotumia Kifaa. Wajumbe wengine wote waliwawakilisha wasiokitumia, kwa hiyo walikuwa wengi.

Kikao kilifunguliwa kwa maombi, kikaendelea kwa kuku. Firigisi, imondo yenyewe, ikawekwa mbele ya mwenyekiti kama inavyostahili mkubwa wa meza. Kila mtu wa huku anajua kwamba firigisi haiendi ovyo; kuna ndoa zimetikisika kwa ajili ya firigisi iliyoonjwa jikoni. Lakini Mheshimiwa Osundwa alikuwa ameiinua mila hiyo ikawa kanuni ya utumishi: aliyekula firigisi hapingwi mpaka kuku mwingine achinjwe.

Baada ya kunawa, wakaingia kwenye vigezo. Mjumbe wa Matungu alitaka kujua kama kifaa kitaweza kumwambia mkulima lori la miwa litafika lini. Akaambiwa hesabu za namna hiyo bado hazijavumbuliwa. Mwingine aliogopa kioo: kioo huleta picha, na picha huleta tabia. Wa tatu akauliza kifaa cha kutumia jua kitafanyaje kazi Kakamega, ambako kila alasiri jua humkabidhi mvua ofisi. Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba mtoto wa sekondari anahitaji vitufe vikubwa, na wa chuo anahitaji vitufe vingi. Kwa hiyo kifaa kiwe na vitufe vikubwa vingi. Mwalimu Muhonja alipoomba sampuli ziwashwe ili zionekane zikifanya kazi, alishukuriwa kwa mchango wake na kuelezwa kwamba kuwasha ni awamu ya pili.

Sampuli zenyewe zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cha mezani. Kulikuwa na Kukhu. Kulikuwa na kalkuleta mbili za kawaida za wenye maduka, moja ikinukia mafuta ya taa. Na pembeni, ndani ya nailoni yake ya dukani ambayo haijawahi kuvuliwa, kulikuwa na rimoti ya televisheni.

Hakuna aliyejua imefikaje pale. Mheshimiwa Osundwa akaanza ukaguzi jinsi anavyojua yeye, ambavyo ni jinsi ya kuchagua kuku sokoni, na katika hilo hana mpinzani. Akaiinua kila sampuli, akaipima uzito mkononi, akaipapasa kidari, akaigeuza na kuipulizia chini kama anayetafuta viroboto. Kukhu aliirudisha upesi: ilikuwa pana, na kona yake moja ilikuwa imechubuka tangu ilipoanguka darasani. Kwenye rimoti akatulia. Ilimjaa mkononi vizuri. Ilikuwa na vitufe vikubwa, na vingi. Haikuwa na kioo. Na nailoni ilionyesha imelelewa katika nyumba yenye heshima.

"Hiki," akasema, "kinajua kinachotaka."

Jepkorir, katibu wa ofisi, akamwinamia Mwalimu Muhonja sikioni. "Mwalimu, hiyo ni rimoti yetu. Nimeitafuta tangu juzi. Mkubwa hajaona habari."

"Si umwambie?"

"Mimi? Na ameshakula?"

Mwalimu Muhonja akaitazama ile mifupa kwenye sinia. Alikuwa na mdomo wa kusema, na alikuwa karibu kuufungua. Lakini akamwona Naliaka moyoni, na viatu vyake vya kuazima, akaona njia nyingine. Akasimama kwa adabu zote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tunashukuru kwa uamuzi. Kwa kuwa kikokotoo kimepatikana, naomba hicho kingine chenye kioo, cha shule yetu, nirudi nacho."

Mheshimiwa Osundwa akamtazama kwa jicho moja. Katika maisha yake ya ofisini alikuwa amejifunza kwamba kitu kikiombwa na mtu, basi kina maana, na kitu chenye maana hakitoki.

"Kwanza kiainishwe," akasema. "Jepkorir, ofisi ilikuwa na rimoti. Imepatikana?"

"Bado, mkubwa."

"Sasa imepatikana. Kama hiki ni kikokotoo, hicho kitakuwa nini kingine? Andika: rimoti."

Kikao kikafungwa kwa maombi. Tenda ya kuleta vikokotoo rasmi akapewa Kiptoo, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme kutoka Lugari. Alipoonyeshwa sampuli iliyoshinda aliomba ruhusa, akatoka nje, akacheka mpaka ukuta ukamshikilia, kisha akarudi ndani akiwa na uso wa tenda. Alisema anazo za kutosha wilaya nzima, tena za kisasa, zinazokubali televisheni za aina zote. Mheshimiwa Osundwa akasema hilo la televisheni ni nyongeza, lakini ofisi haitakataa nyongeza.

Siku zikaenda. Shuleni, Naliaka na wenzake walichora grafu kwa mkono, kwa penseli fupi, huku wakihesabu Ijumaa zilizobaki.

"Mwalimu, kitendawili," Naliaka akasema mchana mmoja.

"Tega."

"Kila siku kinakaribia, na hakifiki."

Mwalimu Muhonja akafurahi, maana alikuwa amewafundisha ule mchoro unaousogelea mstari maisha yake yote bila kuugusa. Akautaja jina. Darasa likatikisa kichwa.

"Tupe mji, Mwalimu."

"Haya, nendeni Mumias."

"Mumias tumefika, tumekula, tumerudi," akasema Naliaka. "Ni kamati."

Alasiri hiyo Mwalimu akafunga safari mpaka ofisini. Alimkuta Mheshimiwa Osundwa amesimama katikati ya chumba, ameielekeza Kukhu kwenye televisheni iliyozimika, anabonyeza kwa hasira.

"Rimoti hii ina kiburi," akamwambia. "Nikitaka habari, inanichorea kilima. Jana imenichorea nyoka."

"Imeharibika hiyo, mheshimiwa. Nipatie niipeleke nyumbani."

Lakini hapana. Kitu cha ofisi, hata kikiharibika, hakitoki mpaka ofisi ya juu itamke kwamba hakifanyi kazi, na ofisi ya juu ilikuwa inakuja Ijumaa, kwenye uzinduzi. Jumamosi yake yalikuwa mashindano. Mwalimu akashukuru, akatoka, akapigwa na mvua njia nzima na hakuiona.

Ijumaa hema lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mgeni Rasmi, ofisi ya juu yenyewe, alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, mwembamba, mwenye uso wa mtu aliyehudhuria uzinduzi mwingi. Kwa kuwa umati ulijaa hadi kwenye migomba, Kiptoo alikuwa ametundika televisheni kubwa kila nguzo ili Mheshimiwa aonekane, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenywesha maji vipaza sauti, sauti yake ikapitishwa humo humo kwenye televisheni. Wanafunzi wa shule zote, kila mmoja na kikokotoo chake rasmi kipya, walikaa kwenye nyasi kwa safu.

Mheshimiwa Osundwa alizungumza juu ya alipotoka. Alizungumza juu ya kuku wa mama yake. Alipofika kwenye hisabati alikuwa amelowa jasho la furaha.

"Wanafunzi, msiogope kifaa chenu," akasema. "Kielekezeni mbele. Bonyezeni, mjifunze."

Wakakielekeza mbele. Wakabonyeza.

Sauti yake ikapanda mpaka kuku wa boma la jirani wakaruka, ikashuka, ikapotea. Kwenye nguzo moja uso wake ukageuka mechi ya mpira. Kwenye nyingine akawa mwanamke anayekaanga samaki. Kwenye ya tatu alibaki yeye mwenyewe, mkubwa kama mlango, mdomo unafunguka na kufungika, hakuna neno linalotoka. Aliendelea na hotuba muda mrefu kabla hajajua kwamba hasikiki. Wapiga isukuti, ambao kazi yao ilikuwa kupiga kila anaponyamaza, wakapiga.

Mgeni Rasmi akainama, akaazima kikokotoo kwa mtoto aliyekuwa karibu, akakikagua mbele na nyuma. Kisha akakielekeza kwenye ile televisheni ya tatu, akabonyeza kitufe chekundu. Mheshimiwa Osundwa akazimika.

"Rimoti!" Mheshimiwa akaita kwa sauti yake ya kuzaliwa. "Jepkorir, leta rimoti ya ofisi!"

Jepkorir alikuwa mtumishi mtiifu. Alileta kile ambacho kamati iliandika kuwa ni rimoti. Akaileta Kukhu.

Mkubwa akaielekeza kwenye nguzo, akabonyeza. Akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Samaki wakaendelea kukaangwa.

"Mheshimiwa," akauliza Mgeni Rasmi, taratibu, "hicho ni nini?"

Mwalimu Muhonja, kwenye viti vya wajumbe, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Mheshimiwa Osundwa akaitazama Kukhu, akawatazama watoto. Kama angesema hicho mkononi mwake ni kalkuleta, angeulizwa hivyo vya watoto ni nini.

"Ni rimoti, mama," akasema.

"Inafanya kazi?"

"Haifanyi."

"Kitu kisichofanya kazi kinangojea nini ofisini? Kiondoeni."

Katika kamati nzima, ni mjumbe mmoja tu aliyetekeleza agizo siku hiyo hiyo. Mwalimu Muhonja alikuwa ameshasimama. Aliipokea Kukhu kwa mikono miwili, akaitia mkobani, akapita katikati ya watoto bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka.

Shuleni wakaiwasha, haikuwaka. Kubonyezwa mbele ya televisheni kulikuwa kumemaliza betri zake zote. Naliaka akafungua mgongo wa kikokotoo chake rasmi, akatoa betri, akazitia kwa Kukhu. Akajazia nyingine za wenzake. Kukhu ikanyamaza kidogo, kama inayotafuta miwani, kisha ikafungua jicho. Ndiyo hesabu ya kwanza ambayo kikokotoo rasmi kiliwahi kusaidia.

Kesho yake, Sigalagala, Naliaka alikuwa miongoni mwa walioitwa mbele. Sabuni ikapata muuzaji mwingine.

Mheshimiwa Osundwa alitaka vikokotoo vyake virudishwe. Lakini vilikuwa rasmi, vya kila mtu, vya milele, kwa tangazo lake mwenyewe, na kuvitangua kulihitaji kamati, na kamati ilihitaji kuku, na hakuna boma lililomuuzia. Ikabidi aende kwenye televisheni kuwaeleza wananchi.

Jioni hiyo Mwalimu Muhonja alikuwa amewaalika watoto wake wa hisabati kwa obusuma, ugali wa huku, na kuku, kumpongeza Naliaka. Firigisi alimpa yeye, na hakuna aliyenung'unika. Mara uso wa Mheshimiwa Osundwa ukajaa kwenye televisheni ya sebuleni, akakohoa, akaanza na alipotoka.

Naliaka akanawa vidole, akatoa kikokotoo chake rasmi, kilichokwisha kurudishiwa betri, akamtazama mwalimu wake kwa heshima zote.

"Mwalimu, tufanye hesabu?"

"Aliyekula firigisi nani atampinga?" akasema Mwalimu. "Fanya."