Malalamiko Rasmi Dhidi ya Kipanya Kisicho na Mkia

Kwa: Mjomba, mwenye duka la kadi, mabango na nakala
Kutoka: Msanifu Mkuu (cheo nimejipa kwa muda, nasubiri ukithibitishe)
Kuhusu: Kompyuta kuzimika katikati ya kazi, na heshima yangu kuzimika nayo

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Najua tunafanya kazi chumba kimoja na hata nikikohoa unanisikia, lakini jana nilipoanza kujieleza ulinikata kabla sentensi haijapata kitenzi. Barua haikatwi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na pia kwa sababu kompyuta imezima tena.

Umetamka mbele ya wateja kwamba kadi za harusi za yule seremala zisipokuwa tayari Ijumaa, mimi nahamia kwenye mashine ya kutoa nakala, na kiti cha usanifu anapewa binti yako. Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Shule niliiacha njiani, hilo halina ubishi, lakini kompyuta haijawahi kuniomba cheti. Mtaa mzima unajua nani alichora bango la kinyozi, ambalo watu walisimama kulitazama mpaka wakajikuta wamenyolewa. Kipaji kama hicho hakiwekwi kubonyeza kitufe cha kijani kutwa nzima.

Naleta malalamiko kwa mpangilio, usije ukasema nabwabwaja.

1. Kipanya. Ulileta kipanya kisicho na waya ukasema ndiyo maendeleo. Kipanya chenye mkia kinajulikana kimefungwa wapi. Hiki hakina mkia, kinanong'onezana na kompyuta kwa siri, na hakuna mtu humu dukani anayejua wanaambiana nini. Nimekibadilisha betri, nimekipuliza, nimekipangusa tumbo kwa kile kitambaa cha miwani yako (ukiona miwani ina ukungu, sababu ndiyo hiyo). Kompyuta ikazima vilevile.

2. Kibodi. Ile ya zamani isiyo na waya, yenye mpaka kitufe cha kuwashia na kuzimia kompyuta, herufi zake zilipofutika, uliniagiza niiweke mahali pasipofika vumbi wala watoto. Nikaiweka. Hata kile kijidude chake cha kupokea mawimbi sikukichomoa nyuma ya kompyuta, kisije kikapotea. Hapo utaona mimi ni mtu wa utaratibu. Sasa hii mpya, pamoja na waya wake, imeambukizwa tabia na kipanya: inaandika yenyewe. Niliinua mikono yote miwili hewani, shahidi ni binti yako, na jina la bibi harusi likaendelea kujinyoosha, mmmmmmm, mpaka likatoka nje ya kadi. Seremala alipoonyeshwa akauliza, "Mdogo wangu, huyu ni mchumba wangu au ni jenereta?"

3. Programu ya usanifu. Hapa nimefanya uchunguzi wa kina. Nikiwaandikia watu barua zao, mashine inatulia kama maji mtungini. Kazi ndogo hiyo, naifanya nusu nimesimama, jicho moja barabarani. Lakini nikifungua programu ya kuchorea, nikakaa kitako, nikazama, nikainama mbele kama fundi saa, hapo ndipo picha zinajifuta, kioo kinaganda, na mwisho ni giza. Maana yake ni moja tu: programu hii haiwezi kubeba kipaji kizito.

Unasema kwa binti yako haizimi. Kweli. Lakini yeye anafanya kazi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Hakai. Anabofya, anahifadhi, anabofya, anahifadhi. Halafu ananigeukia, "Kaka, umehifadhi?" kwa sauti ya kumuuliza mtu kama amepiga mswaki. Sihifadhi, Mjomba. Mwenye uwezo wa kuchora upya ana haja gani ya kuhifadhi? Kwa kadi ya seremala, uwezo huo nimeutumia mpaka mabega yanauma.

4. Hewa ya dukani. Nimewaza nikagundua kwamba hatupumui peke yetu. Kuna spika ya kinyozi isiyo na waya, kuna rimoti ya mkaza mjomba, kuna vile vidude vyako vya masikioni. Vyote vinapiga kelele zisizosikika juu ya kichwa cha kompyuta moja masikini. Nilikwenda kwa kinyozi nikamwamuru azime. Akanijibu, "Dogo, spika yangu ingekuwa na nguvu ya kuzima vitu, ningeanza na mdomo wako." Benchi zima la wateja likacheka, na mmoja akapoteza nusu ya sharubu. Hiyo sharubu nayo iingizwe kwenye hasara.

5. Kiti. Hapa sina lalamiko, nakitaja kwa kutenda haki. Kilikuwa kifupi, nikawa naitazama kompyuta kama mtoto anayechungulia dirishani. Nimekiongezea kimo kwa ujuzi wangu, ndani kwa ndani, kwenye mto wake, bila kukusumbua. Kwa sasa ndicho chombo pekee humu kinachotimiza wajibu wake.

Kwa hiyo naomba kila kisicho na waya kitolewe dukani, kisha nyumbani, kisha kwa kinyozi. Simu ya mkaza mjomba ifungwe kamba mguuni mwa meza. Na wewe ukinihitaji, tafadhali usiniite kwa mbali. Njoo mpaka nilipo, maana sauti inayosafiri bila waya nayo sina imani nayo tena.

Na nasema hili kwa uchungu: aliyeleta balaa hili dukani, awe yeyote, hata awe damu yako mwenyewe, aondolewe kwenye kiti hadharani, apelekwe kwenye mashine ya nakala, na asiguse kipanya mpaka seremala apate mjukuu.

Nisalimie mkaza mjomba, watoto, na mlinzi wa usiku. Kinyozi nitamsalimia mwenyewe akishaomba radhi.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, asiye na kosa,
Msanifu Mkuu

Tanbihi: Kabla sijaikunja barua hii, binti yako alivuta kiti ili afagie. Mto ukaanguka chini, na kompyuta iliyokuwa imezima ikawaka yenyewe. Tukatazamana. Akaubonyeza mto kwa kidole kimoja. Kwenye kioo ikatokea mmmmm. Akafungua zipu.

Napenda kukujulisha kwamba kibodi ya zamani iko salama, haina vumbi, na betri zake ni imara kuliko nilivyodhani.

Binti yako hakucheka, na afadhali angecheka. Alichomoa kile kijidude nyuma ya kompyuta akasema, "Kaka, kaa. Chora. Hifadhi." Nimekaa, kidevu kikiwa usawa wa meza. Nimechora. Nimehifadhi. Seremala amepita, ameisoma kadi taratibu akifuatisha kwa kidole, akasema kumbe mchumba wake ana jina zuri. Ijumaa bado haijafika.

Barua hii nilitaka kuichana, lakini binti yako alinipokonya akaitia ndani ya mto, akaukalia. Anasema amejifunza kwangu kwamba hapo ndipo vitu vya thamani vinapohifadhiwa. Ameniruhusu kuongeza maneno tu, si kupunguza, na sasa hivi amenyoosha mkono anaidai.

Basi Mjomba, lile ombi langu linaloanza na "aliyeleta balaa", nakusihi ulisome kama mtu anayesoma kibao huku ananyeshewa. Lakini kama umeshalisoma polepole, mashine ya nakala nimekwisha kuifuta vumbi, na kitufe cha kijani nimekiona kilipo.