Stoo Niliyomjengea Mama

Jumatatu, 4 Machi

Ramani imekamilika! Nimeichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Chumba kimoja uani, cha Mama. Magoti yake yamegoma kabisa. Chini ni karakana yangu, pamejaa cherehani za watu zinazongoja kutengenezwa. Vyumba vya kulala viko juu, ngazi kumi na nne. Leo Mama amezipanda kwa kukaa, moja moja, kinyumenyume, akidai anakagua vumbi. Nikacheka naye. Kisha nikaingia bafuni nikafungulia bomba, nikalia.

Dada yangu mkubwa kapiga simu. Anasema kama hakuna chumba mwezi huu, atakuja kumchukua Mama. Kwake ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mama akienda huko nitamwona mara ngapi tena? Nikamwambia chumba kiko mbioni. Akauliza, na kibali? Nacho kiko mbioni, nikasema. Akaguna. Mguno huo naujua tangu tukiwa wadogo.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya vibali vya ujenzi. Karani kanipa karatasi ya masharti. Chumba cha kulala mtu: kibali, ramani yenye muhuri, dirisha la kufunguka, mita moja na nusu kutoka ukuta wa jirani. Loo! Lakini stoo isiyozidi mita tisa za mraba? Haihitaji kibali! Nimesoma mara tatu.

Karani akasema ipo fomu nyepesi kwa wanaowajengea wazazi, ukurasa mmoja tu, siku kumi. Nikamwambia ahsante sana, mimi najenga stoo. Akashangaa, si nimeingia nikisema chumba ni cha Mama? Nikamjibu kuwa Mama ana vitu vingi. Nimetoka napiga mluzi. Foleni nzima ya watu wazima, eti wanangoja muhuri!

Ijumaa, 8 Machi

Stoo imesimama. Fundi seremala kaimaliza kwa siku tatu. Kitanda kina bawaba: ukikiinua kinabana ukutani, ubao wa chini unageuka rafu, na juu yake nimegongomelea makopo ya rangi matupu. Hata mimi nilidanganyika.

Mama kauliza dirisha liko wapi. Dirisha ni ushahidi, siwezi kuweka. Nikamwambia linakuja. Pale ambapo lingekuwa dirisha ametundika picha ya marehemu Baba.

Jumamosi, 9 Machi

Mazoezi. Nikipuliza filimbi, Mama ainue kitanda, achukue ufagio, atoke akae kwenye kigoda mlangoni. Akaniambia amefundisha shule miaka thelathini na mmoja na hajapata kumfundisha mtoto kumdanganya mkaguzi. Nikamwambia elimu haina mwisho. Mara ya kwanza dakika sita. Mara ya pili nne! Nikampigia makofi. Alikuwa anahema, kashika goti, akaomba tusirudie. Tukarudia mara moja tu.

Jirani yetu, ninayemwita Darubini kwa kuwa hakuna linalompita, alichungulia juu ya ukuta akaniambia stoo yangu inakohoa. Nikamjibu ni mbao mpya, zinakauka. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwombea upofu wa muda.

Jumatatu, 11 Machi

Ee Mungu wangu.

Mkaguzi kaja. Dada mmoja mpole, mkononi ana futi ya kupimia. Nikapuliza filimbi. Kwa haki, Mama alijitahidi: kitanda juu, ufagio mkononi, kigodani. Mkaguzi akauliza nahifadhi nini humo. Nikajikuta nacheka, nikasema ni vitu vikuukuu tu, vilivyokwisha kazi, mtu anaona haya kuvitupa.

Ufagio ukasimama. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Mkaguzi akamgeukia, akamwamkia, akamuuliza yeye anafanya nini hapa. Mama akajibu kuwa yeye ndiye hivyo vitu vikuukuu. Hakusema kwa hasira, ungedhani anaitika jina darasani. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkaguzi hakucheka. Akaingia, akagusa rafu, kitanda kikashuka kwa kishindo na makopo yake yote. Akapima. Sentimita sitini kutoka ukutani! Akaandika: asilale mtu humu. Nikasema najua aliyenichongea, nikaunyooshea kidole ukuta wa Darubini. Akasema la, ni karani. Tangu Jumanne hakuwa na raha, akimfikiria mama wa watu anayetiwa stoo. Kumbe nimejichongea mwenyewe! Akaniachia ile fomu ya ukurasa mmoja, akasema atanisaidia kuijaza.

Jumatano, 13 Machi

Dada kaja na teksi, kaitwa na Mama mwenyewe. Safari hii hakuguna, na hilo liliniumiza zaidi. Mama alikwisha kufungasha, picha ya Baba kaifunga ndani ya kitenge. Nilimsihi abaki. Nilipiga magoti pale uani, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia yale maneno yalikuwa ya kumwambia mkaguzi, si yeye. Akasema anajua, ila yalinitoka upesi mno.

Getini akanishika mashavu kwa mikono miwili. Akasema hanikasirikii. Nilete kibali, kiwe na jina lake, kiseme huyu ni mama na anakaa hapa. Siku hiyo hiyo atarudi, hata kwa kutambaa. Teksi ikaondoka. Darubini alikuwa ukutani, akavua kofia, akaangalia pembeni.

Nimeingia stoo nikafunga mlango nione palivyo. Ni giza. Mchana kweupe, na sikuuona hata mkono wangu. Mama yangu amekaa humu siku nne na hakulalamika. Nimelia mpaka nikapata kwikwi.

Jumapili, 17 Machi

Nyumba imepooza. Nimepika chai ya watu wawili, nikainywa yote.

Leo nimeamua. Nimefuta meza, nimevaa miwani, nimeweka fomu mbele yangu. Jina la mzazi. Umri. Atakaa chumba gani. Ndiyo hayo tu. Kalamu ninayo. Nimeandika jina la Mama kwa herufi kubwa.

Kisha nikageuza upande wa pili. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: masharti haya hayahusu chombo chenye magurudumu.

Magurudumu!

Nimeshapima. Manne yanatosha. Stoo inainuliwa kwa jeki, inawekwa magurudumu, basi, si jengo tena, ni chombo! Wapime nini? Fundi seremala anakuja kesho asubuhi. Fomu nimeikunja, nimeitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Nimempigia Mama simu aanze kufunga virago. Akauliza kama kibali kimetoka. Nikamwambia nimepata kitu bora kuliko kibali. Nikasikia simu ikiwekwa chini, kisha Dada akaichukua akasema Mama ameenda kujilaza. Ni furaha hiyo. Hakutegemea iwe upesi hivi.