Jiko la Wali Lililoatamia Mayai

Jumatatu, 9 Juni

Jiko limefika! Limekuja na basi kutoka mjini Singida, ndani ya boksi, limefungwa kamba kama mbuzi wa mahari. Raisikuka. Jiko la umeme la kupikia wali. Jeupe, tumbo nene, kitufe kimoja, taa mbili. Nimelizunguka. Halina pa kuingizia kuni.

Kalituma mke wangu, Agripina. Yuko kwa dada yake Flora tangu daktari alipomwambia kifua chake kimechoshwa na moshi. Miaka yote ile ya mafiga na kuni mbichi! Amenipigia simu. Anarudi Ijumaa, na Jumamosi anawapikia wali wanawake wa kikundi chake hapa Issuna. Kisha sharti: akikuta jiko halifanyi kazi, anageuza na basi, anahamia kwa Flora. Kwenye moshi harudi tena, hata kwa ajili yangu. Nikamwambia, mama Theodora wangu, ondoa shaka. Akasema shaka analo tangu siku ya harusi, akaendelea na maelekezo. Nichomeke ukutani, nisitumie ekstensheni. Sufuria ya ndani niifute chini ikauke. Tundu la mvuke nisilifunike. Nisiliwashe likiwa tupu. Nilisikiliza kwa heshima. Mengine yaliingia.

Nikaliwasha likiwa tupu, nione. Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu. Mara, tak! Kitufe kikaruka chenyewe, ikawaka taa ya njano. Nikabonyeza. Kikaruka. Nikakiuliza kina shida gani na mimi. Karatasi ya maelekezo ni Kichina na picha. Picha moja ina mtoto kapigwa mstari mwekundu. Nadhani jiko hili halipikii watoto.

Jioni nikaweka mchele na maji, nikabonyeza, nikaenda kwa jirani Amosi kumsikiliza akijisifia kuku wake. Kurudi, wali umeiva. Na hakuna mtu aliyekuwepo! Sina macho mekundu, sinuki moshi. Nimekula nimesimama, nalitazama. Taa ya njano bado inawaka, jiko linautunza wali usipoe. Haliendi kokote. Limekaa tu juu ya riziki, na joto lake, kimya.

Tabia hiyo naijua. Ni ya kuku anayeatamia.

Jumanne, 10 Juni

Sijawahi kuwa na wazo kubwa hivi tangu lile la kufuga nyuki chumbani.

Hali ilivyo: Amosi ana vifaranga uwanja mzima. Wafanyabiashara wa kuku wakija na gari mnadani, wanapita kwangu bila hata kupunguza mwendo, wanasimama kwake. Kuku wangu hawataki kuatamia. Wanataga, wanatangaza kijiji kizima, wanaondoka. Sasa mimi ninaye kuku asiyekula, asiyenyea sebule, asiyefukuzwa na mwewe. Anachotaka ni umeme. Na Agripina haji mpaka Ijumaa.

Kuku huatamia wiki tatu. Lakini kuku hana plagi. Nimekadiria Alhamisi.

Mayai yangu machache, nikaenda kuongeza kwa Joyce, mke wa Amosi. Nikasema nina mgeni. Joyce akayahesabu kwa jicho, akauliza, shemeji, mayai yote haya, umeoa tena mwenzio akiwa kwenye matibabu? Amosi akadakia kutoka uani kwamba mwanamke gani huyo wa kulishwa mayai, angeanza na ugali wa uwele aone maisha. Nikacheka nao. Wacheke. Watacheka kwa mdomo mwingine vifaranga vya mayai yao wenyewe vitakapokuwa vyangu.

Nimetandika nyasi kavu ndani ya sufuria, nikapanga mayai, nikafunika. Nikachomeka tu, bila kubonyeza. Taa ya njano ikawaka yenyewe, kama iliyokuwa inasubiri kazi hii.

Baadaye nikapapasa yai moja. Moto! Kama kikombe cha chai kilichomiminwa sasa hivi. Nikaingiwa na wasiwasi. Kisha nikajiuliza: chini ya kuku kuna joto kiasi gani? Nikatoka uani kupima kwa mkono. Kuku amening'oa ngozi ya kidole. Bado sina jibu.

Jumatano, 11 Juni

Umeme umekatika asubuhi. Jiko limepoa. Nimelipigapiga ubavuni. Taa hakuna.

Upepo wa Juni nao umeamka leo, ule wa kupenya kwenye koti na kuuliza habari za mifupa. Nikawaza vifaranga wangu mle ndani. Nikayatoa mayai, nikayaingiza kifuani, ndani ya shati, nikafunga mkanda juu yake. Mwili wa mtu una joto. Hili halihitaji karatasi ya Kichina.

Yalikaa vizuri kabisa. Niliketi barazani, mikono nimekunja, najisikia mzazi.

Ndipo akaingia Mzee Elisha, mzee wa kanisa. Kamwe haji siku za kawaida! Alikuja kumjulia hali Agripina. Na Mzee Elisha shikamoo yake haipokewi ukiwa umeketi. Lazima usimame, uiname, mikono miwili. Nilijaribu kuinama kwa magoti tu, kifua kikabaki wima. Akaniangalia kama mbuzi mwenye kichaa, hakuitikia, akasubiri. Nikainama.

Yalipasuka mengi kwa pamoja.

Mzee Elisha akaitikia marahaba. Kisha akatazama shati langu, akaniuliza kwa upole kama na mimi nimekwenda kupima kifua. Nikasema ni jasho. Akasema jasho la njano si la kawaida, nisichelewe zahanati. Akaniombea pale pale. Ombi refu. Mimi nimesimama, ute unashuka kiunoni, unaingia kwenye suruali, unatafuta goti. Amosi alikuwa anachungulia juu ya ua, anaona kila kitu. Naye akasema amina.

Kilichonichanganya: mayai yaliyopasuka, yaliyomo si ute wote. Mengine yalikuwa magumu, meupe, kama ya kuchemsha. Nimefikiri sana. Jibu ni moja tu. Vifaranga wameanza kushikana.

Yamesalia kiasi. Umeme umerudi jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kuangua!

Nimelihamishia jiko chumbani, maana Amosi sasa ana macho. Chumbani hakuna soketi. Nikavuta ekstensheni kutoka sebuleni, ile ya kuchajia simu, waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikalifunika kwa blanketi kwa sababu ya upepo. Nikasikiliza. Hakuna aliaye.

Nikahesabu kwamba jana walipoteza joto, wanastahili fidia. Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu. Tak! Kikaruka. Nikabonyeza. Kikaruka. Kitu kidogo kama punje ya mahindi kinabishana na mtu mzima! Nikaleta kipande cha tofali, nikakiegemeza juu ya kitufe, nikakifunga kwa kamba. Sasa ruka.

Nikaenda kupepeta mtama.

Aliyesikia harufu wa kwanza ni Joyce. Akapiga kelele kutoka kwake, akiuliza nachoma godoro au nachoma mchawi. Nikakimbia ndani. Moshi! Chumba chote! Blanketi linafuka, waya wa ekstensheni umelainika kama mlenda, soketi ya sebuleni nyeusi, inapiga cheche. Nikakamata ndoo ya maji. Joyce alikuwa ameshaingia, akanishika mkono, akanitukana tusi la Kinyaturu ambalo sitaliandika humu. Akauliza, maji kwenye umeme, shemeji, unataka tukuzike Ijumaa Agripina akishuka kwenye basi? Akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi, akaizima. Kisha akalikokota blanketi nje kwa mwiko.

Wakati huo nimekaa chini. Si kwa ajili ya jiko. Niliwaza daktari na yale maneno yake kuhusu moshi, na moshi huu wote ambao hata haukupika kitu.

Amosi akafunua jiko. Nyasi zimekuwa mkaa. Mayai yako imara. Akavunja moja, likatoka limeiva mpaka kiini kina kijani. Akaagiza chumvi. Amekula manne, amesimama pale pale kwenye msiba wangu, akisema vifaranga hawa ni watamu na hawana mifupa.

Nimejaribu kuliwasha jiko kwake, kwenye soketi nzima. Hakuna nyekundu. Hakuna njano. Limekufa.

Agripina kapiga simu. Kauliza jiko. Nimesema linapumzika.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri kwa Deo, fundi redio. Kalifungua kwa chini. Akatoa jani la nyasi. Akalitazama, akanitazama. Nikasema hilo lilikuja na jiko, viwandani hawasafishi.

Akasema kuna fyuzi ndani, joto likizidi kiasi inakata ili nyumba isiungue. Imekufa wewe ubaki, ndivyo alivyosema. Ameweka nyingine, akabadilisha na waya wa jiko uliobabuka. Kisha kanikalisha. Kitufe kikiruka maana yake wali umeiva au hakuna maji, kiache, usikishindilie. Lipe soketi yake peke yake ukutani. Nguo juu ya tundu la mvuke hapana. Nikasema yote hayo nayajua. Akasema ndiyo maana anashangaa.

Soketi ya sebuleni nayo kaja kuibadilisha mchana. Tumejaribu mchele kidogo. Taa nyekundu! Wali! Nilitaka kumkumbatia Deo, akarudi nyuma.

Agripina ameshuka jioni. Amenenepa kidogo, sauti imerudi. Akaingia, akavuta hewa, akasimama. Akauliza harufu. Nikasema upya wa jiko. Akaenda chumbani, akarudi na blanketi. Lina tundu katikati. Nikasema panya. Akalinyanyua, akanitazama kupitia tundu, akauliza panya gani anayekula kwa duara, tena ukubwa wa sufuria ya wali.

Akaenda kwa Joyce. Akakaa huko muda. Nikasikia kicheko cha Amosi, cha Joyce, na chake, kikubwa kuliko vyote. Kisha kicheko chake kikageuka kikohozi, kile cha zamani, kirefu. Nikasimama mlangoni mpaka kilipokwisha.

Karudi, kasema uamuzi wake ni kesho. Jiko likipika, anakaa. Likigoma, mkoba hajaufungua. Nimeutazama. Kweli hajaufungua.

Jumamosi, 14 Juni

Wanawake wamejaa sebuleni. Agripina kaosha mchele, kapima maji, kafuta sufuria chini kwa kitambaa, kachomeka ukutani, kabonyeza. Mimi nilikuwa nje dirishani. Nimeruhusiwa dirisha.

Wakati jiko likifanya kazi, akawafundisha. Akasema yuko mwanamume mmoja, si lazima kumtaja, alifanya hivi, nanyi msifanye. Ekstensheni. Blanketi. Tofali! Kwenye tofali Joyce alilala sakafuni kwa kucheka. Kwenye shikamoo ya Mzee Elisha wakapiga vigelegele. Hakunitaja jina. Huo ni uungwana. Ila wote waligeuka kutazama dirisha.

Tak! Kitufe kikaruka. Nikashika ukuta. Akafunua. Wali mweupe, kila punje peke yake, mvuke mtupu, hakuna moshi. Tangu aanze mpaka akapakua hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa nahesabu bila kutaka.

Wanawake wamekubaliana kila mmoja apate lake. Na jioni kafungua mkoba, katoa kanga zake, kazitundika ukutani. Nikatoka nje kidogo. Upepo ulikuwa na vumbi, macho yakaniwasha.

Akaniita. Masharti mapya. Jiko nisiliguse, nishike sahani tu. Na siku akinisikia natamka neno yai humu ndani, anafungasha.

Nimekubali kwa moyo wote.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimepita dukani kwa Fredrick. Ana friji la soda. Nimelipita miaka, leo ndiyo nimelitazama. Lina mlango. Lina taa ndani. Na upande wa mlango kuna rafu yenye vishimo vya duara, vimepangwa mstari, kila kishimo ukubwa ule ule. Watengenezaji wenyewe walishalifikiria!

Kasoro ni moja tu, linapoza. Lakini joto ndilo lililoniangusha.

Nimemwomba Fredrick rafu ile kwa wiki tatu. Kaniuliza ya kuwekea nini. Nimemwambia hilo ni neno ambalo nimeahidi nyumbani kutolitamka.