Kirikuu Mbili na Mjomba Mmoja

Kathirvel aliiona kirikuu ya Pechiammal kabla hajamwona Pechiammal mwenyewe. Ilikuwa imeegeshwa kwenye lango la soko la maua la Dindigul, kusini mwa India: pikapu ndogo nyeupe, bodi haina kutu, springi hazijalala hata chini ya magunia ya asumini. Alisimama akaitazama kama mtu anavyotazama biriani ya jirani.

Macho hayo yalikuwa ya mtaalamu. Kwa miaka kumi na moja Kathirvel alikuwa akiwauzia watu pikapu zilizochoka ambazo wao hawakujua kwamba zimechoka. Giaboksi iliyolia aliinyamazisha kwa unga wa mbao uliochanganywa na grisi. Tairi kipara aliichonga upya kwa kisu cha moto, akaipaka rangi nyeusi ikapendeza kuliko ilivyotoka kiwandani. Injini yenye moshi aliinywesha oili nzito kama asali. Mnunuzi alipata wiki mbili za fungate, na wiki ya tatu Kathirvel alikuwa amehamia stendi nyingine.

Safari hii, hata hivyo, hakutaka gari la kuuza. Alitaka gari la kupanda mlima. Baada ya siku kumi binti mdogo wa dada yake, Yazhini, alikuwa anatobolewa masikio huko Thandikudi, juu kabisa, na kwao mtoto hatobolewi mpaka apakatwe na mjomba, naye mjomba hafiki mikono mitupu. Miaka minne nyuma, zamu ya binti mkubwa, pikapu ya Kathirvel ilikata roho kwenye kona ya tatu, na shemeji yake Sivanesan akamwita jirani ampakate mtoto. Valarmathi, dada yake, alimwambia maneno machache tu: "Ukikosa na kwa huyu mdogo, nitawaambia watu kaka yangu alikufa." Kathirvel alikuwa amesikia matusi mengi katika kazi yake, lakini hilo lilikaa kifuani na halikutoka.

Pikapu aliyokuwa nayo, ya buluu, ilikuwa na giaboksi iliyojaa unga wa mbao. Isingefika hata kona ya kwanza. Basi kwa wiki nzima aliiegesha pale langoni kila asubuhi, injini ikinguruma, akiijulisha kwa watu.

"Dada, kirikuu hii inakutesa," alimwambia Pechiammal siku ya saba.

"Inanitesaje, mdogo wangu?" Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mdomo umejaa tambuu, mikono haiachi kufunga maua.

"Mzigo wako unakua, bodi haikui. Yangu ina futi moja zaidi kwa nyuma. Maua hayabanani, hayanyauki. Tubadilishane, kadi kwa kadi, bila nyongeza."

"Na wewe bodi kubwa imekukosea nini?"

"Mimi mtu wa vichochoroni. Nataka kitu chembamba."

"Giaboksi yake haina kelele?"

"Giaboksi yangu ina adabu kuliko shemeji yangu."

Pechiammal akashusha pumzi. "Marehemu ndiye aliyejua magari. Mimi najua maua tu. Njoo kesho mchana."

Kathirvel nusura amwinamie miguuni. Kesho yake ndiyo ilikuwa mkesha wa sikukuu ya zana, na hakuna siku tamu kuliko hiyo kwa mtu wa kazi yake. Mji mzima, kuanzia sindano ya fundi cherehani hadi lori la matairi kumi, kila chombo huogeshwa, hupakwa manjano na kumkum, ile poda nyekundu ya ibada, huvishwa maua, kisha hulazwa mbele ya mungu siku nzima bila kuguswa. Mama huyu angeilaza pikapu ya buluu siku nzima kwa heshima zote. Siku inayofuata, giaboksi ikianza kupiga kelele, Kathirvel angekuwa mlimani na mtoto mapajani.

Basi aliipamba ya kwake mapema, maua mpaka kwenye bampa, ili asije mtu akaipekua. Alipofika alikuta ya Pechiammal nayo imeshapambwa, migomba midogo imefungwa huku na huku, na manjano yamepakwa kwa ukarimu mpaka kwenye mfuniko wa rejeta. Aliizungusha stendi mara mbili. Gia ziliingia kama kisu kwenye samli.

"Nichungulie rejeta kidogo," alisema, akishika spana.

"Kuhani ametoka hapa sasa hivi, imeshabarikiwa," alisema Pechiammal kwa upole. "Ukitaka kumtia mungu spana, tia. Mimi nitasimama kando."

Kathirvel hakuwaogopa polisi, lakini alimwogopa mungu. Alirudisha spana mfukoni. Wakaenda kwa karani, wakatia sahihi, wakabadilishana kadi, na kila mmoja akaondoka akimwombea mwenzake baraka.

Asubuhi ya safari alipakia sahani ishirini na moja za zawadi: ndizi, nazi, hariri, vikuku vya fedha. Njia ya tambarare aliimba. Kona ya tano akaacha kuimba, mshale wa joto umeanza kupanda. Kona ya tisa mvuke ulitoka mbele, kisha maji ya moto yakaruka, ya njano, yakamwagikia barabarani.

Alishuka. Alichovya kidole kwenye maji yaliyopoa, akanusa, akaonja. Manjano na ute wa yai. Mtu alikuwa ameiziba rejeta iliyotoboka kwa viungo vya mchuzi, dawa inayoshika vizuri sana kwenye tambarare. Nayo ile njano yote pale mfunikoni aliichukulia kuwa ucha Mungu.

Simu ikalia. "Kaka, uko wapi? Saa njema inaisha tatu na nusu."

"Nimekaribia."

"Baba Yazhini ameshamtuma mtu amwite yule jirani." Sauti ya Valarmathi ilikuwa ya mtu anayelia akijificha.

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Kathirvel alikaa juu ya jiwe, akaona aibu ya kweli, ile isiyo na mtu wa kumuuzia.

Hapo ndipo pikapu ya buluu ilipotokea konani, imejaa maua ya hekalu la mlimani, inapanda kwa gia ya pili bila hata kukohoa. Pechiammal alisimamisha.

"Imechemsha, mdogo wangu?"

"Dada, hiyo giaboksi..."

"Giaboksi ya mtumba ilikuwa kwa kaka yangu fundi tangu Jumanne. Juzi jioni akaitia, kabla hatujalaza spana. Injini yako nilikuwa naisikiliza wiki nzima pale langoni. Injini safi. Ila giaboksi ya zamani, mwanangu, ilijaa useremala."

"Uliyatoa maua yaliyobarikiwa?"

"Uliyapachika mwenyewe. Kuhani hakufika kwako."

"Kwako je?"

"Namsubiri mpaka leo."

Kathirvel aliangalia saa. "Nipandishe na zawadi zangu. Sema bei."

"Kadi ya hiyo nyeupe, na sahihi yako."

"Gari limekufa. Utalifanyia nini?"

"Nitaliwekea rejeta mpya. Kingine chote kizima, si ulijaribu mwenyewe?"

Alifungua mdomo abembeleze. Simu ikalia tena. Alitia sahihi juu ya sahani ya nazi.

Walifika saa tatu na dakika ishirini. Jirani alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, akainuka. Yazhini aliwekwa kwenye mapaja ya mjomba wake, sindano ikapita, akalia kwa nguvu na kumlowesha shati. Valarmathi alisimama nyuma akimshika kaka yake bega, na hakuutoa mkono.

Sivanesan alikuwa nje, akiizunguka pikapu ya buluu. "Shemeji, hii haina hata moshi. Natafuta ya kubebea kahawa. Ikoje?"

Pechiammal, aliyekuwa akipanga maua, akatega sikio.

"Injini nzima," alisema Kathirvel kutoka mlangoni, mtoto begani. "Giaboksi imebadilishwa juzi. Imepanda na mzigo wote huu na haikuchemka. Lakini si yangu, muulize huyu dada."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulisifia gari bila kusema uongo hata mmoja. Sivanesan alimtazama, akamtazama na mama wa maua, akatikisa kichwa kama mtu asiyedanganyika kirahisi. Kisha akakunja kikoi chake, akalala chali chini ya pikapu, akaanza kutafuta unga wa mbao.